Deni la Mali Kauli: Majibu kwa Wenye Maduka ya Jumla

Barua tulizochagua safari hii zimetoka kwa watu wanaouza kwa jumla vitu vya kudumu jijini Dar es Salaam: bati, nondo, majokofu, pampu za maji na vipuri vya magari. Zote zinahusu deni ambalo mwenye duka anadaiwa na waliompa mzigo kwa mali kauli, yaani kuchukua mali kwanza na kuilipia baadaye. Ni deni la siku 30, 45 au 90, ambalo kwa kawaida halina riba iliyoandikwa mahali popote, lakini hesabu yake ikikosewa hufunga duka upesi kuliko mkopo wa benki. Barua tumezifupisha, na majina tumeyaacha kwa ombi la wenyewe.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka la jumla la vifaa vya ujenzi Gerezani. Stoo nina mali ya shilingi milioni 210 kwa bei ya kununulia. Walionipa mali wananidai milioni 165. Mimi ninawadai mafundi, makandarasi na wenye maduka ya Mbagala, Kibaha na Mkuranga milioni 90, na fedha taslimu pamoja na zilizo benki ni milioni 12. Mali ninayouza kwa mwezi huwa imenigharimu milioni 75, nami huiuza kwa milioni 84 hivi. Makubaliano na wauzaji wangu ni kulipa ndani ya siku 45. Mmoja wao amesema hashushi tena mzigo mpaka nipunguze deni, na afisa wa benki ameniambia naweza kupata mkopo wa mwaka mmoja nikawalipa wote. Mke wangu anasema deni la milioni 165 ni kubwa mno. Mimi naona mali niliyonayo inalizidi. Ni nani kati yetu aliye sahihi?

JIBU: Ndugu yangu, wewe na shemeji mnabishana juu ya ukubwa wa deni, ilhali deni la mali kauli hupimwa kwa siku. Gawa milioni 165 unazodaiwa kwa milioni 75, ambazo ni gharama ya mali unayouza kwa mwezi, utapata miezi 2.2, yaani siku 66. Makubaliano yenu ni siku 45. Ikiwa unanunua kwa kasi ileile unayouza, deni lililo ndani ya muda wake lisingezidi milioni 112 na nusu. Kwa hiyo milioni 52 na nusu hivi zimekwisha kupitisha tarehe yake, na hizo ndizo zinazomkera yule aliyekataa kushusha mzigo. Zile milioni 112 za kwanza hazina kasoro yoyote. Huo ni mtaji ambao mwenzako amekuachia kwa sababu anataka mali yake ifike sokoni, na kila duka la jumla ambalo nimewahi kupitia vitabu vyake mjini hapa linaishi kwa mtaji wa namna hiyo.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa mali iliyo stoo. Milioni 210 ukizigawa kwa milioni 75 unapata miezi 2.8, yaani siku 84. Wateja wako, ukichanganya wanaolipa papo hapo na wanaokopa, wanakukalia siku 32, maana milioni 90 ni mauzo ya mwezi mmoja na kidogo. Wale wanaokopa, ukiwatazama peke yao, bila shaka wanakwenda mbali zaidi. Jumlisha 84 na 32. Fedha inayoingia dukani kwako ikiwa bati inarudi mkononi ikiwa fedha baada ya siku 116, na aliyekupa hilo bati amekubali kusubiri siku 45 tu. Siku 71 zinazobaki zinapaswa kubebwa na mtaji wako mwenyewe. Mtaji wako haufiki huko, na pengo hilo umekuwa ukiliziba kwa kuchelewesha malipo bila kumwambia mtu. Shemeji ameliona tatizo, ingawa amelitaja kwa jina la ukubwa. Wewe nawe unasema kweli kwamba mali inalizidi deni, lakini mali iliyo stoo haimlipi mtu mpaka iuzwe na fedha yake ikusanywe.

Hukutuambia stoo kuna nini, na hapo ndipo ningeanzia. Duka la vifaa vya ujenzi linachanganya vitu vyenye mwendo tofauti kabisa. Nondo za milimita 12 na bati za geji inayopendwa hutoka kila siku. Saruji hutoka upesi, na ni lazima itoke, kwa kuwa mfuko uliokaa miezi michache katika unyevu wa jiji hili huanza kushika mabonge. Lakini pembeni, nyuma ya stoo, huwa kuna marumaru za nakshi iliyokwisha kupitwa, masinki ya rangi ambayo hakuna fundi anayeiulizia, na vitasa vilivyoletwa kwa sababu aliyekuwa anavileta alitoa bei nzuri. Vitu hivyo haviozi, na kwa kuwa haviozi mwenyewe huviona ni akiba. Muuza nyanya hulazimika kukubali hasara jioni ileile, ila mwenye marumaru anaweza kuiahirisha hasara yake miaka mitatu, na muda wote huo anakuwa amezilipia, au anadaiwa kwa ajili yake, kwa fedha iliyopaswa kununua nondo.

Kwa hiyo ingia stoo na daftari, siku ambayo duka limefungwa, uandike kwa kila aina ya mali mwezi ilioingia. Chochote kilichozidi miezi minne kitafutie mnunuzi kwa bei ya kununulia, na kikikosa mnunuzi, kishushe chini ya hapo. Ukipata milioni 26 kwa marumaru zilizokugharimu milioni 30 utakuwa umepoteza milioni nne, nazo zinauma. Lakini milioni 26 hizo zikienda kwa yule aliyesimamisha mzigo zinafungua tena mlango wa bidhaa inayotembea, na faida utakayoipata kwa nondo za miezi michache itaifuta hasara hiyo.

Baada ya stoo, fungua daftari la unaowadai. Ninajua ukurasa huo unavyokuwa: tarehe, jina la fundi, bati 40 na misumari, kisha kwa kalamu ya rangi nyingine "katoa laki tano", na chini yake mwezi mwingine kabisa, mzigo mpya uliotolewa kabla ya ule wa kwanza kumalizika. Ukurasa wa namna hiyo unachanganya deni jipya na la zamani, na mteja anapolipa hakuna anayejua amelipa lipi. Tenganisha kila mzigo na tarehe yake. Kwa makandarasi wanaosubiri kulipwa na wenye miradi, usitegemee kauli ya kwamba hundi imekaribia kutoka. Kumbuka pia kwamba, ikiwa umesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18 hiyo huhesabiwa tangu ankara au mali inapotoka, hata kama mkandarasi hajakupa senti, na ritani unatakiwa kuiwasilisha na kodi kuilipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Unapokopesha mali, serikali inakuwa imeshapata fungu lake kutoka mfukoni mwako kabla mteja hajakulipa wewe.

Kuhusu mkopo wa benki, usikope milioni 165. Huna sababu ya kubadilisha deni lisilo na riba ya wazi kuwa deni lenye riba, wakati sehemu kubwa yake haijafika muda. Riba za mikopo ya benki nchini katika miaka ya karibuni zimekuwa zikizunguka asilimia 15 kwa mwaka, na mfanyabiashara wa kawaida mara nyingi hutozwa zaidi ya hapo. Kama baada ya kuuza mali iliyolala na kukusanya madeni ya zamani bado kuna pengo, likope pengo hilo tu, kwa muda ambao unaona waziwazi fedha ya kulipia itatoka wapi. Ukikopa kabla ya kusafisha stoo, miezi sita baadaye utakuwa na deni la benki na deni la wauzaji kwa pamoja, na marumaru zako zitakuwa palepale. Wale wakopeshaji wa mitaani wenye riba kali, wanaoitwa kausha damu, usiwasogelee kabisa kwa jambo hili. Hakuna faida ya bati inayoweza kulipa riba ya kila wiki.

Lililo la haraka kuliko yote ni kumwendea yule muuzaji wewe mwenyewe. Usimtume kijana wa dukani, wala usisubiri akupigie. Mpelekee orodha ya ankara zilizopitisha muda, mwambie mzigo mpya utauchukua kwa fedha taslimu, na deni la nyuma utalipunguza kwa kiasi maalumu kila wiki, mwandikishane na kutia saini. Wenye mali wengi hukubali mpango wa aina hiyo, kwa kuwa wanajua wakikubana mpaka ufunge hawatapata kitu. Katika maandishi hayo, wekeni wazi siku zinaanza kuhesabiwa lini. Nimewahi kuona ankara ya tarehe 27 kwa mzigo uliofika dukani tarehe 5 ya mwezi uliofuata, muuzaji akihesabu kutoka ankara na mnunuzi akihesabu kutoka siku makuli waliposhusha. Siku nane hizo zilivunja urafiki wa miaka.

Jambo la mwisho kwako, nalo nakuuliza kwa heshima: hizo milioni 52 zilizochelewa, zote zimo stoo na kwa wateja? Mara nyingi nimekuta sehemu ya fedha ya mwenye mali imegeuka kuwa kiwanja Kigamboni au msingi wa nyumba Goba. Kiwanja ni kitu kizuri, ila hakirudishi fedha ndani ya siku 45. Kama ndivyo ilivyo, hesabu zote nilizokupa hapo juu hazitasaidia mpaka wewe na shemeji mkubaliane kwamba fedha ya mali kauli haitoki nje ya mali.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninasoma uhasibu mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa jijini. Darasani tulipewa jedwali la Marekani linaloonyesha hesabu za makampuni ya jumla ya bidhaa za kudumu. Katika madeni ya muda mfupi, mikopo ya benki ina mstari wake, na wadai wa biashara, yaani waliotoa mali kauli, pamoja na hati za ahadi ya kulipa wana mstari wao. Kwa nini vitu hivyo vimetenganishwa? Na tarakimu za makampuni makubwa ya Marekani zinamfaa nini mtu anayetaka kuelewa Kariakoo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Jedwali hilo bila shaka limetokana na taarifa ya fedha ya kila robo mwaka inayotolewa na Ofisi ya Sensa ya Marekani. Taarifa hiyo ilianza mwaka 1947 ikiwa chini ya vyombo vingine vya serikali ya huko, na Ofisi ya Sensa imekuwa ikiiandaa tangu 1982. Kwa upande wa biashara ya jumla inahusu makampuni yenye rasilimali za dola milioni 50 na kuendelea, kwa hiyo duka la ukubwa wa yale ya Gerezani halimo. Bidhaa za kudumu ni zile ambazo kwa kawaida hutarajiwa kudumu miaka mitatu au zaidi: magari na vipuri vyake, samani, mbao na vifaa vya ujenzi, vyuma, vifaa vya umeme, mabomba, mitambo na kadhalika.

Mistari hiyo miwili imetenganishwa kwa sababu madeni hayo yana tabia mbili. Benki hutoa fedha, riba yake ikaandikwa, na siku ya kulipa ikifika haijali kama mali imeuzika. Muuzaji hutoa mali, na gharama ya kusubiri huiweka ndani ya bei au huidai kwa kukunyima punguzo. Deni lake hupanda lenyewe kampuni inaponunua zaidi na hushuka inapopunguza manunuzi, bila mtu kwenda kuomba mkopo popote. Kwa mchambuzi, tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Wadai wa biashara wakiongezeka sambamba na mali iliyo ghalani na mauzo, huenda kampuni inakua. Wakiongezeka huku mauzo yamesimama, uliza kama kampuni imeanza kuishi kwa kuchelewesha malipo. Hiyo ndiyo hesabu niliyomfanyia ndugu yetu wa Gerezani, na hapo ndipo jedwali la Marekani linapomfaa mtu wa Kariakoo: tarakimu zenyewe ni za kwao, lakini namna ya kuzisoma ni ileile.

Hati za ahadi ya kulipa zimewekwa pamoja na wadai wa biashara kwa kuwa asili yao ni moja, yaani mali iliyochukuliwa kabla ya kulipiwa. Tofauti ni kwamba kwenye hati mnunuzi ametia saini ahadi ya kulipa kiasi fulani tarehe fulani, ilhali deni la kawaida la wauzaji linasimama juu ya ankara na daftari.

Unapoandika zoezi lako, zingatia kwamba kiasi kilichomo kwenye jedwali ni cha siku moja, ya mwisho wa robo mwaka. Usilinganishe robo moja na ile iliyoitangulia ukadhani umegundua jambo, kwa sababu biashara ina misimu yake. Linganisha na robo kama hiyo ya mwaka uliopita. Kumbuka pia kwamba bei zikipanda deni hupanda kwa dola hata kama idadi ya majokofu yaliyonunuliwa haikubadilika. Tena, anachodaiwa mwenye duka la jumla kimeandikwa kwenye vitabu vya mwenye kiwanda kikiwa ni fedha anayodai, hivyo usijumlishe pande zote mbili ukasema nchi nzima ina deni kubwa kiasi hicho.

Jambo moja jipya ambalo mwalimu wako atafurahi ukiligusa: siku hizi kuna mipango ambayo benki humlipa muuzaji mapema, kisha mnunuzi hulipa benki baadaye. Je, deni hilo bado ni la mali kauli au limekuwa la benki? Viwango vya kimataifa vya uhasibu, ambavyo ndivyo vinavyofuatwa na wahasibu wetu, vinazitaka kampuni zilizo chini yake zieleze mipango ya namna hiyo katika hesabu za vipindi vilivyoanza tarehe 1 Januari 2024 na kuendelea. Kabla ya hapo msomaji wa mizania angeweza kuona mstari wa wadai wa biashara ukakua, asijue kwamba nyuma yake amesimama mkopeshaji mwenye riba.

SWALI: Ninauza majokofu na mashine za kufulia kwa jumla, Kariakoo. Mwagizaji anayenipa mali ameniandikia masharti mapya: nikilipa ndani ya siku 10 nipunguziwe asilimia 2, la sivyo nilipe bei kamili ndani ya siku 30. Sina fedha za kulipa mapema, ila nina ovadrafti benki, yaani ruhusa ya kutoa zaidi ya kilichomo kwenye akaunti, kwa asilimia 17 kwa mwaka. Ndugu zangu wananicheka wanasema asilimia 2 si kitu. Nifanyeje, kaka?

JIBU: Dada yangu, lipa mapema, hata kwa ovadrafti. Kwa ankara ya milioni 20, punguzo ni shilingi 400,000, nawe unalipa milioni 19.6. Kwa kulipa siku ya 10 badala ya siku ya 30 umetangulia siku 20. Riba ya siku 20 kwa asilimia 17 kwa mwaka juu ya milioni 19.6 ni kama shilingi 182,600. Unabakiwa na zaidi ya 217,000 kwa kila ankara ya kiasi hicho, na friji ni zilezile. Ukiacha punguzo, ni sawa na kumkopa mwagizaji kwa siku 20 kwa gharama inayokaribia asilimia 37 kwa mwaka. Wanaokucheka wameiona 2 na hawakuziona siku 20.

Nikuwekee wazi na upande mwingine. Wapo wanaojua mwagizaji hapigi kelele mpaka siku ya 60, nao huacha punguzo na kulipa siku hiyo ya 60. Kwa hesabu, gharama yao inashuka hadi kama asilimia 15 kwa mwaka, chini ya ovadrafti yako. Sikushauri ufuate njia hiyo. Siku mwagizaji atakapokuwa na friji chache na wateja wengi, zitakwenda kwa wanaolipa kwa tarehe. Angalizo langu jingine ni moja tu: hakikisha ovadrafti hiyo inarudi sifuri friji zinapouzwa, isije ikawa deni la kudumu kwa mali iliyokwisha kutoka.

SWALI: Ninaagiza pampu za maji kutoka Guangzhou. Muuzaji wangu wa China sasa amenikubalia nilipe siku 90 baada ya mzigo kupakiwa, kwa dola. Wakati huohuo ninanunua nyaya na vifaa vingine kwa mwagizaji wa hapahapa Dar es Salaam, naye ananiambia mali kauli yake ataiandika kwa dola ili asipate hasara. Je, nikubali yote mawili?

JIBU: Haya ni mambo mawili tofauti. La mwagizaji wa hapa halina mjadala mrefu. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma zinazouzwa ndani ya nchi kuwekewa bei au kulipwa kwa fedha za kigeni. Deni kati yenu wawili mlioko Dar es Salaam liandikwe kwa shilingi. Kama anaogopa dola kupanda, akupunguzie siku au aongeze bei, nawe uamue kama inakulipa.

Deni la China ni halali kulipa kwa dola, maana mwenye mali yuko nje, na siku 90 ni fadhila kubwa kwa mtu aliyezoea kutanguliza asilimia 30 na kumalizia kabla ya kupewa hati ya shehena. Lakini toa humo muda wa baharini, ambao ni kama mwezi mmoja au zaidi, na siku za kutoa mzigo bandarini. Katika siku 90 utabaki na 50 au chini ya hapo za kuuza pampu na kukusanya fedha. Ukiuza kwa mali kauli ya siku 60, umekwisha kuchelewa kabla ya kuanza.

Kisha kuna bei ya dola yenyewe. Mwishoni mwa 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katika robo ya tatu ya 2024 ilipita 2,700. Na kufikia Desemba 2024 ilikuwa imerudi karibu na 2,400. Deni la dola 40,000 likiandikwa kwa 2,300 ni milioni 92, na kwa 2,700 ni milioni 108. Faida yote ya kontena inaweza kumezwa na milioni 16 hizo. Wengi walioumia miaka hiyo walikuwa na shilingi za kutosha, ila waliziacha zikae wakingoja tarehe ya mwisho, na walipokwenda benki dola zenyewe zilikuwa haba. Nakushauri ununue dola kidogo kidogo kila wiki kadiri pampu zinavyouzwa, uziweke kwenye akaunti ya fedha za kigeni, na bei ya pampu uipange kwa dola ya leo, si ya siku ulipoagiza.

SWALI: Mume wangu, aliyekuwa na duka la jumla la vipuri vya magari Ilala, alifariki. Baada ya arobaini wamekuja watu sita wakidai jumla ya milioni 47 za mali kauli. Wawili wana ankara zenye saini yake, wengine wana madaftari yao tu, na mmoja anasema walikubaliana kwa mdomo. Mmoja anataka achukue vipuri vilivyo rafuni vyenye thamani ya deni lake, na mwingine ameniletea karatasi nisaini kwamba ninakiri deni. Nina watoto wanne. Nimechanganyikiwa.

JIBU: Pole sana, mama. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu.

Usisaini karatasi yoyote kwa sasa, na usimruhusu mtu yeyote kubeba kitu dukani. Anayechukua vipuri leo anajilipa kabla ya wenzake, tena kwa bei anayoipanga yeye. Kwanza familia ikae, imteue mtu, naye akafungue shauri la mirathi mahakamani ili ateuliwe rasmi kuwa msimamizi. Mpaka mahakama imteue msimamizi, hakuna mwenye mamlaka ya kukubali wala kukataa deni la marehemu, hata wewe. Akishateuliwa, kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni yaliyothibitika, na baada ya hapo kugawa kinachobaki kwa warithi. Kwa sheria za nchi, na kwa sheria ya Kiislamu kama ndiyo mnayoifuata, deni hutangulia urithi. Kwa hiyo wadai wenye haki hawana sababu ya kuogopa kungoja.

Deni hilo linalipwa kutokana na mali ya marehemu. Shamba lako au mshahara wako haumo, isipokuwa kama ulisaini kuwa mdhamini wake au mlikuwa wabia katika duka. Tazama pia kama biashara ilisajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kuwa kampuni. Ikiwa ni kampuni, wadai wanaidai kampuni, na njia ya kuwalipa ni nyingine.

Wenye ankara zilizosainiwa wana ushahidi mzuri. Wenye madaftari tu waambiwe walete kitu cha kulinganisha: hati ya kupokelea mzigo, ujumbe wa simu, kumbukumbu za malipo ya M-Pesa au ya benki. Daftari la marehemu nalo litafutwe. Wafanyabiashara wengi wa Ilala huandika kila mzigo, hata kwenye jalada la kalenda, na huenda ukakuta alikwisha kulipa sehemu. Yule wa mdomo hatakiwi kudharauliwa, kwa kuwa makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano, ila ni juu yake kuyathibitisha kwa mashahidi. Muangalie na umri wa madeni: madai ya mkataba kwa kawaida hufungwa na ukomo wa miaka 6, na kukiri kwa maandishi kabla muda huo haujaisha huuanzisha upya. Ndiyo sababu nimekusihi usiiguse ile karatasi.

Wala msisahau upande wa pili wa daftari. Mume wako alikuwa muuzaji wa jumla, na bila shaka gereji na maduka ya vipuri walichukua mali kwake. Hao hawatakuja wenyewe baada ya arobaini. Msimamizi awaandikie barua, kila mmoja kwa kiasi chake. Leo au kesho, mkiwa na ndugu wawili wa pande zote mbili, hesabuni vipuri rafu kwa rafu, mwandike idadi na bei ya kununulia, mtie saini nyote, na funguo za duka akae nazo mtu mmoja anayejulikana. Malipo yatakapoanza, kila mdai atakayelipwa atoe risiti na aandike kwa mkono wake kwamba hadai tena, na nakala ibaki kwenye jalada la mirathi mahakamani.